Legeza Mkaja, Uvute Pumzi

Katika mitaa ya Eastlands, tangu Majengo ya Pumwani hadi magorofa ya Umoja na Kayole, wapo mama na dada zetu waliorejea nyumbani baada ya kuondolewa kifuko cha nyongo kwa upasuaji wa matundu. Vijiwe vya nyongo huwapata wanawake zaidi ya wanaume, hasa waliokwisha kuzaa. Na swali lao huwa moja: mbona lililopasuliwa ni tumbo, na linalouma ni bega?

Jawabu li katika upasuaji wenyewe, ambao daktari Mjerumani, Erich Mühe, alikuwa wa kwanza kuutumia kwa nyongo mwaka 1985. Tumbo halikatwi mkato mrefu. Hutobolewa matundu madogo, aghalabu manne, kisha hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili daktari apate nafasi ya kuona. Gesi hiyo hutolewa mwishoni, lakini haitoki yote. Masalio yake huukera msuli mpana ulio baina ya kifua na tumbo, na kwa kuwa neva ya msuli huo hutoka shingoni, jirani na neva za bega, ubongo hudhani ni bega liumialo. Si upepo mbaya, wala si husuda ya jirani. Kwa kawaida huisha baada ya siku chache.

Hapa tuna neno na bibi zetu. Mkaja tunauheshimu, lakini huyu si mzazi. Akikazwa leso tumboni, naye tayari anayaogopa maumivu, atapumua juu juu tu. Pumzi fupi huziacha sehemu za chini za mapafu zikisinyaa, makohozi yakatuama, na nimonia ikapata mlango.

Basi afunguliwe, aegemezwe mito mgongoni, magoti ameyakunja. Aweke kiganja kimoja kifuani na cha pili tumboni, pasipo kuyagusa matundu. Avute hewa kwa pua polepole, mpaka kiganja cha tumboni kiinuke na cha kifuani kitulie. Aizuie kwa kuhesabu hadi tatu. Kisha aitoe kwa mdomo, midomo ameikusanya kama apozaye uji. Afanye mara tano hivi, na arudie kila saa awapo macho. Kizunguzungu kikimjia, apumue kawaida kwanza. Zoezi hili halishiki nafasi ya dawa. Bora alifanye dawa aliyoandikiwa ikiisha kumtuliza. Akitaka kukohoa asijizuie, ila aukumbatie mto juu ya tumbo. Atembee chumbani kidogo kidogo, na ngazi za ghorofa azipande kwa vituo. Jiko la makaa, tafadhali, litolewe nje. Katika chumba kimoja moshi wake ni adui wa mapafu hayo hayo.

Huulizwa pia habari ya kusujudu. Asiyeweza kuinama na asali ameketi, akiashiria kwa kichwa. Ruhusa hiyo i wazi, wala hana haja ya kuona haya mbele ya wageni.

Lakini akipata homa, macho yakiwa manjano, tumbo likizidi kuuma au kuvimba, kutapika kusipokoma, pumzi ikimbana, au shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, arejeshwe hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku wa manane, wala asingojewe mume atoke kazini.