Je, Wajua? Gereza lilianzia kanisani

Je, wajua kwamba neno "gereza" lina asili ya kanisa? Wareno walifika pwani yetu na neno lao "igreja", yaani kanisa, na ndani ya ngome zao walijenga vikanisa. Baadaye ngome zikageuka mahali pa kufungia watu, na neno likabaki mle mle ndani ya kuta. Ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza hadi leo, na Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa jela ya wakoloni Waingereza hadi 1958. Neno "padri" nalo lilishuka kutoka merikebu hizo hizo.

Je, wajua Te Deum iliimbwa Kilwa siku ya uporaji? Ilikuwa Julai 1505. Kundi la meli la Mreno Francisco de Almeida lilikuwa limeuteka mji. Watawa Wafransisko wakashuka pwani kwa maandamano, misalaba miwili mbele, wakiimba wimbo huo wa kumshukuru Mungu. Walifika hadi kwenye jumba la mfalme, wakausimamisha msalaba, na kamanda akasali. Baada ya sala, watu wakaanza kupora. Aliyeandika habari hizi hakuwa adui wa Kanisa, alikuwa mtu wa msafara huo huo, na hakuona ajabu yoyote. Mwezi uliofuata Mombasa ikachomwa moto.

Na je, wamjua Yusuf bin Hasan? Baba yake, mfalme wa Mombasa, aliuawa kwa njama za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa Waagustino, akabatizwa Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa atawale chini yao. Agosti 1631 aliivamia ngome, akamuua kapteni, akarejea kwenye Uislamu. Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, wakatakiwa wachague: wasilimu au wafe. Waliokufa ni kama 150. Hao tunawaita mashahidi, na ni haki yao. Ila mtoto anayelelewa na taifa lililomwulia baba, ubatizo wake tuuite wa hiari?

Hapo Mkatoliki huwa na jibu la haraka: zama zile watu wote walifikiri hivyo. Jibu hilo linavuja. Walikuwepo watu wa Kanisa wa zama zile zile waliosema hapana, tena waziwazi.

Je, wajua Mkristo anayehesabiwa wa kwanza kuuawa na dola ya Kikristo kwa kesi iliyotokana na uzushi ni Priscillian, askofu wa Hispania? Alikatwa kichwa mjini Trier karibu mwaka 385. Waliomshtaki walikuwa maaskofu wenzake. Aliyemsihi Kaisari asimwage damu alikuwa askofu mwingine, Martin wa Tours, yule yule mtakatifu tunayemwona kwenye picha akiligawa joho lake kwa maskini. Kaisari alimwahidi, Martin akaondoka, na ahadi ikavunjwa. Martin akakataa ushirika na maaskofu wale.

Je, wajua Mtakatifu Augustino alibadili mawazo? Mwanzoni alitaka Wadonati, Wakristo waliojitenga wa Afrika Kaskazini, warudishwe kwa hoja tu. Baadaye, alipoona sheria za Kaisari zimewarudisha wengi, akaitetea shuruti, na akaitafutia nguzo katika mfano wa karamu kwenye Injili ya Luka, mahali mwenye nyumba anapomwambia mtumishi awashurutishe watu waingie. Neno moja la mfano wa chakula likawa silaha ya karne nyingi! Lakini Augustino huyo huyo, Wadonati walipomuua padri wake mmoja na kumkata viungo mwingine, alimwandikia hakimu akimwomba asiwaue. Waliomnukuu baadaye walichukua hoja yake ya shuruti, barua hii wakaiacha.

Je, wajua chini ya Karolo Mkuu, kula nyama wakati wa Kwaresima kwa kuudharau Ukristo kungeweza kukugharimu maisha? Ndivyo sheria yake kwa Wasaksoni ilivyosema, na adhabu ya kuukimbia ubatizo ilikuwa hiyo hiyo. Alkuini, shemasi na mwalimu wa jumba lake mwenyewe, aliandika kwamba mtu anaweza kusukumwa majini, lakini hawezi kusukumwa katika imani.

Je, wajua Papa mmoja alikataza mateso na mwingine akayaruhusu? Mwaka 866 Papa Nikolao wa Kwanza aliwajibu Wabulgaria waliokuwa wametoka kubatizwa: msiwapige watu ili wakiri, wala msiwalazimishe wapagani kwa nguvu. Mwaka 1252 Papa Inosenti wa Nne, kwa hati Ad extirpanda, akaruhusu watuhumiwa wa uzushi wateswe, mradi wasife wala wasikatwe kiungo. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba wazo la uhuru lilikuwa bado halijazaliwa. Lilikuwepo miaka 386 kabla, katika barua ya Papa.

Je, wajua Thomas wa Akwino alikataza watoto wa Wayahudi wabatizwe bila ridhaa ya wazazi, na papo hapo akafundisha kwamba mzushi sugu anastahili kukabidhiwa serikali auawe? Yote mawili yamo katika kitabu kimoja. Mwaka 1858 polisi wa dola ya Papa huko Bologna walimchukua Edgardo Mortara, mtoto wa Kiyahudi wa miaka 6, kwa sababu mtumishi wa nyumbani alikuwa amembatiza kwa siri alipougua. Wazazi walilia, magazeti ya Ulaya yakapiga kelele, Papa Pius wa Tisa akakataa kumrudisha. Edgardo alikua akawa padri, akafa 1940. Wapo wanaoutumia upadri wake kama utetezi. Mimi naona hauifuti ile siku mama yake alipoporwa mwana.

Je, wajua kwamba hakimu wa mahakama ya uzushi ya Hispania ndiye aliyezima moto wa wachawi? Hapa nikae kidogo, maana kisa hiki hakiwafurahishi wanaolisema Kanisa wala wanaolitetea. Mwezi Novemba 1610, mjini Logroño, watu 6 walichomwa hai kwa uchawi, na sanamu 5 za waliokwisha kufa zikachomwa pamoja nao. Mmoja wa mahakimu watatu alikuwa padri Alonso de Salazar Frías. Moyo haukumtulia. Mwaka uliofuata akatoka kwenda vijijini Navarra kuwasikiliza waliojitaja wachawi. Walimjia watu 1,802, na kati yao 1,384 walikuwa watoto! Akapima madai yao moja moja. Dawa zilizosemwa ni za kichawi alizijaribisha kwa wanyama, na wanyama hawakudhurika. Mahali waliposema wamekutana usiku palikuwa hapana dalili ya mkutano. Akaandika kwamba hakupata ushahidi hata wa tendo moja la uchawi, na kwamba uchawi ulikuwa haujaonekana kule hadi watu walipoanza kuuzungumza na kuuandika. Mwaka 1614 wakubwa wake Madrid wakaukubali ushauri wake, na mahakama hiyo karibu ikaacha kabisa kuwachoma watu kwa uchawi. Lakini wale wa Logroño walikuwa majivu tayari, na hukumu ilikuwa na sahihi yake.

Ulaya nzima waliouawa kwa uchawi wanakadiriwa 40,000 hadi 50,000, wengi kwa mahakama za kiserikali, za Wakatoliki na za Waprotestanti. Usikimbilie kupumua. Würzburg na Bamberg, mahali palipowaka vibaya katika miaka ya 1620, zilitawaliwa na maaskofu. Aliyewakemea mahakimu wa Ujerumani kwa kitabu, mwaka 1631, alikuwa Mjesuiti Friedrich Spee, na ilimbidi alifiche jina lake.

Je, wajua mwaka 1520 Papa Leo wa Kumi aliorodhesha makosa 41 ya Martin Luther, na moja lilikuwa kusema kwamba kuwachoma wazushi ni kinyume cha mapenzi ya Roho? Katika hilo, Mkatoliki wa leo yuko upande wa Luther, tena kwa mafundisho ya Kanisa lake mwenyewe.

Je, wajua mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda walitangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukibishana juu ya uhuru wa dini? Kanisa liliwapa heshima ya altare vijana waliokataa kushurutishwa na Kabaka Mwanga. Ilikuwa vigumu kuwasifu hao na bado kudai kwamba Mkristo ana ruhusa ya kumshurutisha mwingine.

Je, wajua tarehe 12 Machi 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili aliomba msamaha hadharani katika Basilika la Mtakatifu Petro, na aliyesoma maungamo ya dhambi zilizotendwa kwa kisingizio cha kuitetea kweli alikuwa Kardinali Ratzinger, mkuu wa ofisi iliyorithi kazi ya mahakama ya uzushi ya Roma? Wanateolojia walisisitiza kwamba waliokosa ni wana wa Kanisa, na Kanisa lenyewe ni takatifu. Naielewa hoja yao. Ila aliyefungwa kwenye kuni alimwona padri na msalaba mbele yake, na hakuwa na nafasi ya kutenganisha.

Na je, wajua kura za mwisho za tamko la uhuru wa dini, Dignitatis Humanae, tarehe 7 Desemba 1965? Waliokubali 2,308, waliokataa 70. Ni hati fupi ya vifungu 15. Kifungu cha 12 kinakiri kwamba katika safari ya taifa la Mungu njia nyingine zilikuwa kinyume cha Injili. Anza na hicho.