Vitabu Virefu Vihesabiwe kwa Fungu la Siku

Mwaka unapoanza, wapenzi wengi wa kusoma hujiwekea idadi: vitabu 12, vitabu 24, wengine hata 50. Nia ni njema, lakini lengo la namna hiyo lina kasoro ambayo sisi wakutubi huiona rafuni. Anayehesabu vitabu huchagua vyembamba. Vile vya kurasa 800 au 1,200 havigusi, maana kimoja kinaweza kumchukua miezi mitatu na bado kikahesabiwa kimoja. Anayetaka kusoma vitabu virefu abadili kwanza kipimo: aache kuhesabu vitabu, ahesabu fungu la kila siku.

Njia hii si ngeni kwetu. Msahafu umegawanywa juzuu 30, na katika chapa ya Madina yenye kurasa 604, juzuu moja ni kama kurasa 20. Asomaye kurasa nne baada ya kila swala kati ya zile tano hukamilisha juzuu kwa siku, na Ramadhani ikiisha naye amekwisha kuhitimu. Wakristo nao wana utaratibu wao: Biblia ya Kiprotestanti ina sura 1,189, nazo humalizika kwa mwaka kwa sura tatu au nne kwa siku. Wako wazee wengi wasiojiita wasomaji waliovimaliza vitabu hivi tena na tena, kwa kuwa kila siku walikuwa na fungu lao na hawakuhangaika na yaliyobaki.

Riwaya nyingi kubwa za karne ya 19 nazo zilitolewa kwa mafungu. Alexandre Dumas alichapisha Le Comte de Monte-Cristo katika gazeti la Paris kuanzia 1844 hadi 1846, mpaka sura zikafika 117. Leo Tolstoy alianza kutoa sehemu za Vita na Amani katika jarida mwaka 1865, na kitabu kizima kikakamilika 1869. Kina sura 361, nyingi zikiwa za kurasa chache tu. Sura moja kwa siku, na mwaka utakuachia siku nne za akiba.

Kinachowashinda wengi si urefu, ni majina. Vita na Amani inaanza Julai 1805 katika tafrija ya Anna Pavlovna mjini Petersburg, na kabla hujatulia umeshatambulishwa kwa kundi la watu, mtu mmoja akiitwa hivi hapa na vile pale. Hapo ndipo kitabu hufungwa. Dawa yake ni kujua jinsi Mrusi anavyoitwa: jina lake, kisha jina linalotokana na la baba, kisha la ukoo. Andrei Nikolaevich Bolkonsky ni Andrei, mwana wa Nikolai, wa ukoo wa Bolkonsky. Dada yake ni Marya Nikolaevna Bolkonskaya. Miisho imebadilika kwa kuwa ni mwanamke. Aliyezoea kusikia Ali bin Juma hatasumbuka sana. Chukua karatasi, andika koo tano: Bolkonsky, Rostov, Bezukhov, Kuragin na Drubetskoy. Kila mtu anapojitokeza, mwandike chini ya ukoo wake, na karatasi ikae ndani ya kitabu.

Siku zitakupita, maana kuna maradhi, misiba na safari. Usilipe deni. Aliyekosa siku tano kisha akajilazimisha sura sita usiku mmoja huanza kukikwepa kitabu. Endelea ulipoachia, kwa fungu lilelile, na tarehe ya kumaliza ndiyo isogee. Wala si kila ukurasa ni wa lazima. Vita na Amani inamalizikia na sura 12 za falsafa ya historia. Anayeziruka simlaumu, ingawa kwangu mimi ndizo zinazoeleza kwa nini Tolstoy aliandika yote yaliyotangulia. Ninachokataa ni kuruka sura za vita ili kukimbilia za mapenzi. Pierre, wa ukoo wa Bezukhov, anafika kwenye mapigano ya Borodino akiwa raia aliyekuja kutazama tu, na asiyemwona pale, katikati ya mizinga, hataelewa mtu anayekuwa baadaye.

Kwa Kiswahili riwaya nyingi ni fupi, lakini tunazo tenzi ndefu kwelikweli. Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, unaosimulia Vita Kuu ya Pili, una beti zipatazo 3,000. Kila ubeti una mishororo minne ya mizani nane, hivyo beti 30 ni kazi ya dakika chache. Nakusihi uanze na huo kabla ya kumwendea Mrusi. Usome kwa sauti, kwani tenzi hutungwa zighaniwe, na kwa sauti hata ubeti mgumu hufunguka. Ukianza tarehe 1 Januari kwa beti 30 kila siku, utaumaliza karibu na tarehe 10 Aprili.