Majina ya Umatengo (3): Kassian alifikaje Mapera?

Sehemu mbili zilizopita zilihusu majina ya koo. Leo tuingie kwenye jina la ubatizo, na nimelichagua Kassian, ambalo wengine huliandika Kasian au Cassian. Mtoto akijitaja hivyo Mwanza au Tanga, huenda mwalimu akamwomba arudie. Mapera au Kigonsera, huko Mbinga, hakuna wa kushangaa, ingawa hata huko halifikii wingi wa Joseph na John. Baadhi ya vitabu vya maana za majina husema ni neno la Kilatini lenye maana ya “tupu”. Sikubaliani navyo. Kwa Warumi, Cassianus alikuwa mtu wa ukoo wa Cassius, basi. Hata hivyo maana hiyo, iwe sahihi kiasi gani, haielezi kwa nini jina limeota mizizi kwenye milima ya Mbinga. Ninachodai ni kwamba lilifika kwa sababu ya mtu mmoja aliyejulikana kwa sura, likabaki kwa sababu ya mababu.

Wapo watakaosema limetoka kwenye kalenda ya watakatifu. Kweli, masomo wa jina hili ni wawili. Wa kwanza ni Kasiano wa Imola, Italia, mwalimu ambaye mshairi Prudentius anasimulia kuwa aliuawa na wanafunzi wake mwenyewe, wakimchoma kwa kalamu za chuma walizoandikia kwenye vibao vya nta (walimu wa darasa la saba wanisamehe kwa kuwakumbusha). Sikukuu yake ni tarehe 13 Agosti. Wa pili ni Yohane Kasiano, mmonaki aliyefariki yapata mwaka 435 huko Marseille, ambaye maandishi yake yanahimizwa katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Wabenediktini walikuwa na sababu za kutosha za kulipenda jina hili. Lakini kalenda ilikuwa moja, Bukoba hadi Moshi. Kama yenyewe ndiyo chanzo, akina Kassian wangetapakaa kila jimbo kwa kiasi kilekile. Isitoshe, kalenda ya Kanisa zima ilipopangwa upya mwaka 1969, Kasiano wa Imola aliondolewa humo, akaachiwa majimbo yenye mapokeo yake. Watoto wa Mbinga waliendelea kuitwa Kassian kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo tumtafute mtu. Naye ni Cassian Spiss, mzaliwa wa Tirol, Austria, mwaka 1866, aliyebatizwa Franz na kupewa jina la Cassian alipoingia umonaki wa Mtakatifu Otilia. Huko Tirol, Kasiano wa Imola alikuwa msimamizi wa jimbo la Brixen, kwa hiyo somo wake hakuwa mgeni. Mwezi Julai 1898 alianzisha misheni ya Peramiho, na mwaka uliofuata Wabenediktini wakafungua Kigonsera, iliyokuwa mlango wa kuingilia Umatengo. Alijifunza lugha za watu aliokaa nao, hata akachapisha kazi juu ya Kingoni na Kisutu mwaka 1904. Wakati huo alikwisha kuwa askofu, makao yake Dar es Salaam. Tarehe 14 Agosti 1905, siku moja tu baada ya sikukuu ya somo wake, aliuawa Mikukuyumbu, upande wa Liwale, akiwa safarini kutoka pwani kwenda Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Kwa wamonaki waliobaki, huyo alikuwa mwanzilishi na mfiadini kwa mpigo. Jina la mtu wa namna hiyo halikosi kutajwa na padre au katekista mzazi anapouliza, “Tumwite nani?”

Hapa ndipo penye pingamizi zito. Vita vilivyomuua askofu vilikuwa vya Majimaji, na adhabu yake iliwaangukia watu wa Ruvuma: Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea, baadhi yao wakiwa wamebatizwa na Padre Johannes Häfliger muda mfupi kabla ya kitanzi. Je, jina lililoletwa katika kivuli hicho si jina la kutwishwa? Sipuuzi swali hili. Wamatengo nao walipigwa na Wajerumani mwaka 1902, na hawakuhitaji kuelezwa mzungu ni nani. Tena sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 761, ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapata jina la kikristo. Wazazi wakikataa, aongeze mwenyewe la mtakatifu na kuyaandika yote mawili kwenye daftari la ubatizo. Shinikizo lilikuwepo. Ila sheria ilidai jina la mtakatifu, haikudai Kassian. Na mwaka 1983 kanuni ya 855 ililegeza kamba: inatosha jina lisiwe geni kwa hisia za kikristo. Mlango ulifunguliwa, na Kassian hakutoka.

Hakutoka kwa sababu alikuwa na kazi nyumbani. Majina ya koo za Umatengo ni machache na wenyewe ni wengi: Kapinga, Ndunguru, Komba, Mapunda, Nchimbi. Fungua daftari la mahudhurio la shule yoyote ya huko, utawakuta akina Kapinga wamepangana. Ukiwa na akina Joseph Kapinga watatu kijiji kimoja, jina adimu linakuondolea usumbufu wa kuongeza “yule wa kwa nani”. Ndiyo maana hata bungeni Mbinga imewakilishwa na Gaudence Kayombo na Sixtus Mapunda, majina ambayo kwingineko yangeonekana ya mapapa na maaskofu wa kale. Kisha inaingia desturi ya mjukuu kupewa jina la babu. Anayelirithi leo hamrithi Spiss, wala mwalimu wa Imola. Anamrithi mzee aliyelima kahawa mlimani na kuzikwa hapohapo. Jina limebadilisha mwenyewe.

Ufuko wa Ziwa Nyasa unatoa mfano wa kinyume. Liuli na vijiji vya jirani vilifundishwa Ukristo na Waanglikana wa misheni ya UMCA kutoka kisiwa cha Likoma, ambao hawakuwa na kisa cha kumkumbuka askofu wa Peramiho kwa kuwabatiza watoto jina lake. Jina lilifuata njia za wamonaki. Wapo watakaonijibu kwamba siku hizi watu wa milimani na wa ziwani wanaoana, na Kassian anaweza kuzaliwa Mbamba Bay. Anaweza, lakini mwulize babu yake wa upande wa pili anatoka wapi.

Sehemu ijayo itamhusu Gallus, jina la mmonaki wa Kiairishi ambalo abate wa kwanza wa Peramiho, mzaliwa wa Uswisi, alikuwa nalo.