Picha ya Simu, Karatasi ya Filamu

Picha iliyopigwa kwa simu haienei sawasawa kwenye karatasi ya inchi 4 kwa 6. Ama kipande chake kibaki nje, ama karatasi ibaki na ukingo mweupe. Ndivyo ilivyo Dar es Salaam, na ndivyo ilivyo Kakese, kata ya wakulima wa mpunga katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Picha za mahafali, ndoa na kipaimara siku hizi hupigwa zaidi kwa simu, kisha zile zinazopendwa hupelekwa studio au stejinari mjini zikachapwe. Zikirudi, mjomba aliyesimama mstari wa nyuma hana utosi, na watoto waliokaa chini mbele hawana miguu. Lawama humwangukia fundi, ingawa mara nyingi hakukusudia kukata kitu: mashine imejaza karatasi kama ilivyopangwa kufanya, na kilichozidi kimetupwa.

Chanzo ni uwiano, yaani upande mrefu ukilinganishwa na upande mfupi, bila kujali ukubwa wa picha. Kihisi cha simu nyingi, kile kijibamba cha ndani kinachopokea mwanga, kina uwiano wa 4:3. Kamera kubwa za wapiga picha wa harusi kwa kawaida zina 3:2. Video ni 16:9. Karatasi nazo zina maumbo yake: 4 kwa 6, 8 kwa 12 na 12 kwa 18 zote ni 3:2, 6 kwa 8 ni 4:3, 5 kwa 7 na 8 kwa 10 haziko upande wowote kati ya hizo. Picha na karatasi zenye uwiano mmoja hukutana bila hasara. Zisipokuwa na uwiano mmoja, kisu lazima kipite mahali.

Maumbo haya yana historia yake. Studio za mwanzo za pwani, kama ya A. C. Gomes mjini Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, zilitumia mabamba ya kioo. Karatasi ililazwa juu ya bamba lenyewe, mwanga ukapita, na picha ikatoka kwa ukubwa uleule wa bamba. Swali la kukata halikuwapo, ila kwa aliyetaka kutumia mkasi. Mashine ya kukuzia ndiyo iliyoleta uamuzi huo ndani ya chumba cha giza. Fundi aliweza kuinua taa, kusogeza karatasi, na kuchagua sehemu ya kioo au filamu itakayokuzwa. Studio za karne ya 20, kama Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza Zanzibar mwaka 1930, au ile ya N. V. Parekh mjini Mombasa, zilifanya kazi katika zama hizo. Kamera za filamu pana, mfano Rolleiflex iliyotoka mwaka 1929, zilitoa picha ya mraba wa sentimita 6 kwa 6, na mraba hauwi mstatili bila kupunguzwa. Mpiga picha wa wakati huo alijua tangu anabonyeza kwamba atakata, hivyo aliacha nafasi pembeni. Mazoea hayo yamepotea, na yanastahili kurudi.

Umbo la 3:2 lilitokana na uamuzi wa mtu mmoja. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz huko Ujerumani, alichukua filamu ya sinema ya milimita 35, ambayo fremu yake ilikuwa milimita 18 kwa 24, akaunganisha fremu mbili kuwa moja ya milimita 24 kwa 36. Kamera yake, Leica, iliingia sokoni mwaka 1925, na kipimo chake kikawa kipimo cha dunia. Filamu za rangi za milimita 35 zilipoenea, karatasi ya 4 kwa 6 ilizifaa kabisa. Ndiyo iliyozoeleka studio, na mifuko ya albamu na fremu za dukani zikafuata kipimo chake. Ile fremu ya sinema ya 18 kwa 24 haikufa, kwa kuwa ni 4:3 kamili. Televisheni iliichukua, kompyuta zikaichukua kwa televisheni, kamera ndogo za dijitali zikairithi, na sasa iko ndani ya simu. Kwa hiyo umbo la picha ya simu ni nusu ya umbo la filamu, na karatasi iliyoko studio bado ni ya filamu.

Hesabu ya hasara ni rahisi. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 kwa 3000. Ikipelekwa kwenye 4 kwa 6 ikiwa imelala, urefu wa 4000 unabaki wote, ila kimo kinashuka kutoka 3000 hadi 2667: sehemu moja ya tisa ya picha imekwenda, juu na chini. Picha ikiwa imesimama, hasara ni ileile lakini inakuja pembeni, na aliyekaa mwisho wa benchi ndiye anayepoteza bega. Kwenye 8 kwa 10 mambo yanageuka. Picha ya simu hupoteza kidogo, asilimia 6 hivi, wakati picha ya kamera kubwa hupoteza moja ya sita nzima. Mteja aliyelipia mpiga picha mwenye kamera ya gharama, kisha akaagiza 8 kwa 10 kwa sababu tu fremu yake aliiona dukani, ametupa inchi mbili za picha aliyolipia. 8 kwa 12 ingemfaa zaidi.

Karatasi isiyopendelea upande ni A4. Urefu wake wa milimita 297 ukigawanywa kwa upana wa 210 hutoa takriban 1.414, kipeo cha pili cha 2, na ndiyo maana A3 ikikunjwa katikati huzaa A4 mbili zenye umbo lilelile. Ujerumani iliufanya mfumo huu kuwa kiwango rasmi mwaka 1922. Sasa 4:3 ikizidishwa kwa 3:2 jibu ni 2 kamili, kwa hiyo A4 imekaa katikati ya simu na kamera kubwa bila kuegemea. Kila moja hupoteza chini ya asilimia 6. Stejinari isiyo na karatasi za studio, yenye printa ya kawaida na karatasi ya A4 inayong'aa, inaweza kumhudumia mteja wa simu vizuri kuliko anavyodhani.

Wapo wanaopiga picha kwa mpangilio wa 16:9 kwa sababu inajaza kioo cha simu na kupendeza kutazama. Kwa anayetaka karatasi, huo ni mpangilio mbaya. Katika simu nyingi kihisi kinabaki kilekile cha 4:3, na programu hukata juu na chini ili ipate 4000 kwa 2250. Picha hiyo ikifika kwenye 4 kwa 6, hukatwa tena, safari hii pembeni, ibaki 3375 kwa 2250. Pikseli milioni 12 zimekuwa milioni 7.6, na picha imekatwa pande zote nne. Ingepigwa kwa 4:3, zingebaki zaidi ya milioni 10.

Baada ya umbo huja swali la kama pikseli zilizobaki zinatosha. Kipimo cha wachapaji ni pikseli 300 kwa kila inchi kwa picha ya kushikwa mkononi. 200 bado ni nzuri, na 150 inakubalika kwa picha ya ukutani inayotazamwa kwa mbali. Karatasi ya 4 kwa 6 inataka 1200 kwa 1800 tu, na karibu kila simu ya leo inazidi hapo. Picha ya 4000 iliyokuzwa hadi 12 kwa 18 hutoa pikseli 222 kwa inchi, jambo zuri kabisa. Tatizo huanza pale picha inapopita WhatsApp kabla ya kufika studio. Kwa mpangilio wake wa kawaida, programu hiyo imezoea kupunguza picha hadi upande mrefu uwe kama pikseli 1600. Kwa 4 kwa 6 bado inapita. Kwa 12 kwa 18 zinabaki pikseli 89 kwa inchi, na sura za watu huwa kama zimetazamwa kupitia chandarua. Tangu 2023 WhatsApp ina chaguo la kutuma picha kwa ubora wa juu zaidi, na njia ya kutuma picha kama hati imekuwapo kabla ya hapo. Hati hufika jinsi ilivyotoka. Kubeba simu yenyewe au kadi ya memori hadi Mpanda ni njia ya zamani, na haipunguzi kitu.

Kisu chenyewe kipite wapi? Kwanza, mwenye picha akate mwenyewe kabla ya kuipeleka. Programu kama Snapseed huruhusu kufunga uwiano, 3:2 au 4:3 au ule wa A4 ulioandikwa DIN, kisha kusogeza fremu hadi ikae inapotakiwa. Matokeo yahifadhiwe kama nakala, picha ya asili isiguswe, kwa kuwa mwaka ujao itatakiwa saizi nyingine. Mashine ikiachiwa kazi hiyo, kwa kawaida hukata sawa pande zote mbili, na katika picha za watu hilo ni kosa. Nafasi tupu ya juu ya vichwa, anga au bati la nyumba, inaweza kwenda yote, ila miguu ya waliokaa mbele isiguswe. Mtu akilazimika kukatwa, akatwe katikati ya paja au juu ya kiuno. Ukingo ukipita kwenye goti, kifundo cha mguu au kiwiko, jicho humwona kama aliyekatwa kiungo.

Mandhari hudai hesabu nyingine. Kundi la viboko waliobanana kwenye madimbwi ya Mto Katuma wakati wa kiangazi, katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ni picha ndefu ya kulala, kama ilivyo safu ya wavunaji katika jaruba la mpunga. Kuilazimisha kwenye 8 kwa 10 ni kupunguza viboko ili kubakiza matope. Picha kama hiyo ikatwe juu na chini, ichapwe 4 kwa 6 au 8 kwa 12, au iachwe ilivyo na kuzungukwa na ukingo mweupe. Ukingo huo huonwa na wateja wengi kama karatasi iliyopotea bure, ingawa mara nyingi ndiyo njia pekee ya kupata picha nzima. Mwenye kuutaka amwambie fundi mapema, maana printa nyingi hujaza karatasi zisipoambiwa vinginevyo. Tena, printa isiyoacha ukingo hukuza picha kidogo kupita karatasi ili weupe usionekane, hivyo milimita chache hupotea hata pale uwiano unapolingana. Mdomo wa fremu ya mbao nao hufunika milimita nyingine. Jina au tarehe iliyoandikwa ukingoni kabisa haitasalimika.

Kazi ngumu kuliko zote huja na msiba. Familia haina picha ya marehemu peke yake. Iliyopo ni ya harusi ya miaka michache nyuma, yenye watu thelathini, na marehemu yuko mstari wa pili. Sura na mabega yake vikikatwa hutoka na upana wa pikseli 600, pengine pungufu. Familia inataka A4 ya kuweka mbele ya jeneza. Upana wa A4 ni inchi 8.27, kwa hiyo zitapatikana pikseli 73 kwa inchi, na uso utaoga ukungu. Kikubwa cha kuwasaidia ni kuchapa kidogo: 600 kwenye karatasi ya upana wa inchi 4 hutoa 150, ambazo zinatosha kumtambua mtu bila shaka. Picha hiyo ya 4 kwa 6 ikibandikwa katikati ya karatasi nyeupe au nyeusi ya A4, ndani ya fremu, inaonekana kwa heshima kutoka hatua kadhaa. Programu za kunoa sura kwa akili bandia hutoa uso mkali zaidi, ila hubuni vitu ambavyo havikuwapo, na macho yaliyobuniwa hayawi ya marehemu. Bega la jirani aliyebanana naye likiingia kwenye picha, liachwe. Kulifuta kwa haraka huacha doa linalovuta jicho kuliko bega lenyewe.

Paspoti saizi ndiyo picha inayokatwa kwa masharti makali zaidi. Kipimo kinachotumika katika hati za kusafiria za nchi nyingi ni milimita 35 kwa 45, na mwongozo wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, unataka uso uchukue asilimia 70 hadi 80 ya picha, mtu akitazama mbele, bila kivuli nyuma yake. Picha ya simu inaweza kutimiza hayo endapo mpigaji atasimama mbali kiasi cha hatua mbili na kukata baadaye, badala ya kuusogeza mkono hadi pua ivimbe. Karatasi moja ya 4 kwa 6 huingiza picha nane za namna hiyo, nne kwa upande mrefu na mbili kwa upande mfupi, na hubaki jumla ya takriban milimita 12 katika urefu na vilevile katika upana kwa ajili ya kupitishia kisu.