Nyuma ya Paneli ya Sola: Maisha na Kazi ya Profesa Walter Kohn



Kamati ya usharika inaponunua paneli ya sola kwa ajili ya zahanati, huuliza bei, dhamana na uwezo wa betri. Ni maswali ya lazima. Katika toleo hili tunaomba turudi nyuma zaidi: wataalamu hujuaje kitu kipi kinafaa kutengenezea paneli au betri?

Seli ya sola ya silikoni iliyofaa kwa matumizi ilitangazwa Marekani mwaka 1954, baada ya majaribio mengi maabarani. Siku hizi mtafiti anayetafuta malighafi bora huweza kuanza kwa kompyuta. Hupiga hesabu ya mamia ya michanganyiko, kisha hupeleka maabarani ile michache yenye matumaini. Hivyo gharama na muda hupungua. Njia hiyo imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kazi ya Walter Kohn.

Kohn alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1923, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alichapisha postikadi za picha za sanaa. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938, biashara ile ilinyang'anywa na kijana akafukuzwa shuleni. Agosti 1939, wiki chache kabla ya vita, alipelekwa Uingereza katika mpango wa kuokoa watoto, akapokelewa na familia iliyokuwa ikifanya biashara na baba yake. Wazazi wake walibaki, na mwaka 1944 waliuawa Auschwitz.

Usalama wake nao haukudumu. Mwaka 1940, akiwa na miaka 17, alikamatwa kama raia wa nchi adui na kusafirishwa hadi kambi za Kanada. Huko alikata miti kwa senti 20 kwa siku, na kwa senti hizo akanunua vitabu vya hisabati na fizikia. Wafungwa wenzake waliokuwa wasomi waliendesha madarasa humo kambini. (Wanaohudumia wakimbizi wanajua kwamba kipengele cha elimu mara nyingi huwa miongoni mwa vya kwanza kukatwa bajeti inapobana.)

Alipoachiwa mwaka 1942 aliingia Chuo Kikuu cha Toronto. Jengo la kemia lilikuwa na utafiti wa kivita, na yeye, kwa uraia wake, hakuruhusiwa kuingia. Hakusoma somo hata moja la kemia chuoni. Mtu huyo ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998, pamoja na John Pople!

Sasa tueleze alichofanya. Tabia ya kitu chochote, kama ni kigumu, kama kinapitisha umeme, hutegemea elektroni zake, yaani chembe ndogo mno zinazozunguka ndani ya atomu. Atomu moja ya silikoni ina elektroni 14, na kila moja huzisukuma nyingine zote. Kuzifuatilia moja moja ni hesabu isiyobebeka na kompyuta yoyote, maana kipande kidogo tu cha silikoni kina atomu zisizohesabika.

Chukulia siku ya gulio. Ukijaribu kumfuata kila mtu na jinsi anavyompisha mwenzake, utashindwa kabla ya saa nne asubuhi. Lakini unaweza kupanda mahali pa juu ukaona wapi watu wamesongamana na wapi pana nafasi. Mwaka 1964, akiwa Paris, Kohn na Pierre Hohenberg walithibitisha kwamba kwa elektroni zilizo katika hali ya utulivu, msongamano huo peke yake unatosha. Mwaka uliofuata, yeye na Lu Jeu Sham walitoa milinganyo ambayo kompyuta inaweza kuikokotoa.

Njia hii si kamilifu. Sehemu moja ya milinganyo hiyo haijulikani kwa ukamilifu na hukadiriwa. Makadirio ya awali, kwa mfano, yalionyesha kwamba nishati inayohitajika kuifungua elektroni ndani ya silikoni ni kama nusu tu ya ile inayopimwa maabarani. Kwa mtengeneza paneli hilo ni kosa kubwa, na ndiyo sababu wataalamu wameendelea kurekebisha makadirio hayo hadi leo. Wanakemia wengi nao waliikubali njia hii miaka ya 1990 tu, baada ya marekebisho. Kutoka Paris hadi Nobel ni miaka 34. Hakuna mradi wetu wa miaka mitatu ambao ungeweza kuweka matokeo hayo katika taarifa yake ya mwisho.

Uzeeni Kohn alijishughulisha na nishati ya jua, na mwaka 2005 alisimamia filamu ya kuielezea kwa watu wa kawaida. Alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 93.

Programu kadhaa zinazotumia milinganyo yake, kama Quantum ESPRESSO, hutolewa bure. Tangu mwaka 2010 kumekuwa na mafunzo ya kuzitumia kwa wanafizikia vijana wa Afrika. Mwaka 2012 yalifanyika Eldoret, Kenya. Hesabu ndogo za kujifunzia hufanyika hata kwenye kompyuta ya kawaida, ilimradi umeme usikatike.