Isome diski kabla ya kuilaumu mashini

Mgeni wangu alitoka Beni na gari la asubuhi, akashuka Butembo na bahasha ya kaki yenye DVD tano. Zilipaswa kubeba video ya harusi ya mdogo wake, lakini zote zilikuwa zimekwama katikati ya kuchomwa. “Papa, mashini inakula DVD,” akaniambia. “Nitafute ingine?”

Sikuigusa kompyuta yake. Nilizipeleka diski dirishani, nikazigeuza upande usio na maandishi, nikaziinamisha mpaka mwanga ukazipiga ubavuni. Tatu zilikuwa na pete nyembamba ya rangi iliyokolea karibu na tundu la kati. Mbili zilikuwa zimekolea karibu zote, zikabakiza utepe mdogo ukingoni. “Ndugu yangu,” nikamjibu, “hapa naona magonjwa mawili, na huenda mashini yako ni nzima.”

Ningependa kila mwenye kompyuta nyumbani, awe Butembo, Beni, Oicha au Lubero, ajue kuisoma pete hiyo. Diski iliyokwama huonyesha mahali kazi ilipokatikia, na mahali hapo ndipo pa kuanzia kutafuta chanzo. Asiyepatazama hununua diski nyingine, kisha lekta nyingine (kifaa kinachosoma na kuchoma diski), kisha kompyuta nyingine, na ugonjwa bado yuko nao.

Namna leza inavyoandika

Huku kwetu tunasema kugrave; wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi husema kuchoma, na neno lao ni la kweli kabisa. Ndani ya CD-R au DVD-R kuna tabaka jembamba la rangi ya kikemikali. Mwali wa leza huliunguza nukta kwa nukta. Palipoungua hapaurudishi mwanga sawasawa na palipobaki salama, na tofauti hiyo ndiyo inayosomwa baadaye kuwa sauti, picha au maandishi. Kazi huanza ndani, karibu na tundu, ikazunguka kuelekea nje. Kwa hiyo upana wa pete hukuambia kazi ilifika wapi.

Kabla ya kuandika, lekta huonja diski. Husoma alama za kiwanda zilizofichwa ndani yake, kisha hujaribu nguvu ya leza kwenye eneo dogo lililotengwa kwa jaribio hilo. Jaribio likishindwa, hakuna kitakachoandikwa.

Diski isiyo na pete

Ukiona diski safi kabisa, na kompyuta imekataa tangu mwanzo, anza na aina ya diski. DVD-R na DVD+R hufanana kwa macho, lakini lekta nyingi za zamani zinakubali moja na kuikataa nyingine. Angalia pia ujazo. Boksi la DVD huandikwa GB 4.7 kwa kuhesabu kwa elfu, ilhali Windows huhesabu kwa 1024 na kuonyesha takriban 4.38. Faili za GB 4.5 kwa hesabu ya Windows haziingii, hata kama boksi linaonekana kuahidi nafasi. CD ya kawaida hubeba MB 700, au dakika 80 za muziki.

Kama aina na ujazo viko sawa, fikiria lenzi. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara ya Butembo na Beni huingia kila mahali, na lenzi ya lekta ni ndogo kuliko punje ya haragwe. Butembo, mji wa milimani wenye asubuhi za ukungu, ina shida nyingine: mashini iliyolala kwenye baridi ikiletwa ghafla chumbani penye joto, unyevu hutanda kwenye lenzi. Iache nusu saa ipate joto la chumba kabla ya kuiwasha. Vumbi lipulize kwa pampu ndogo ya hewa, kamwe si kwa mdomo, maana mate ni mabaya kuliko vumbi.

Kuna dalili moja ambayo huwachanganya wengi: lekta inachoma CD vizuri lakini inakataa kila DVD. CD hutumia leza ya nanomita 780, DVD ya nanomita 650. Ndani ya lekta moja, hizo ni leza mbili. Moja inaweza kuchoka na kufa huku mwenzake akiendelea kufanya kazi. Hapo hakuna programu itakayokusaidia. Ni lekta ya kubadilisha.

Pete nyembamba karibu na tundu

Huu ndio ulikuwa ugonjwa wa zile DVD tatu za mgeni wangu. Laptop yake haikuwa na lekta ya ndani, kwa hiyo alitumia ya nje, inayochomekwa kwa waya wa USB. Tundu la USB 2.0 limeahidi miliampea 500 tu, na lekta inapoanza kuchoma huku ikizungusha diski kwa kasi mara nyingi hudai zaidi ya hapo. Huanza vizuri, hupungukiwa nguvu, huzimika. Lekta nyingi za aina hiyo huuzwa na waya wenye vichwa viwili kwa sababu hiyo hiyo: kimoja cha data, kingine cha kuongeza umeme. Yeye alikuwa akichomeka kimoja, tena kupitia kigawanyio kilichobeba pia kipanya na flashi. Tulichomeka vyote viwili moja kwa moja kwenye laptop, na pete ikavuka pale ilipokuwa ikikomea.

Pete iliyokatika katikati

Hapa mshukiwa wa kwanza ni umeme wenyewe. Wengi wetu tunategemea jenereta, ile grupu ya mtaani, au sola, na voltaji hupanda na kushuka. Lekta za kisasa zina kinga dhidi ya data kuchelewa: tangu Sanyo walipoleta teknolojia ya BURN-Proof mwaka 2000, lekta inaweza kusimama, kusubiri, kisha kuendelea pale ilipoachia. Lakini kinga hiyo haiokoi umeme ukikatika. Mwenye laptop ajaze betri kwanza, kisha achome huku betri ikiwa na chaji ya kutosha. Betri hiyo ndiyo ondilere yake, yaani akiba ya umeme ukikatika. Mwenye kompyuta ya mezani asianze kuchoma grupu inapokaribia saa ya kuzimwa.

Mshukiwa wa pili, hasa kwa lekta zisizo na kinga hiyo, ni kompyuta kuelemewa. DVD kwa kasi ya 16x humeza zaidi ya MB 22 kila sekunde, na flashi nyingi za bei nafuu hazisomi kwa kasi hiyo. Nakili faili kwenye diski kuu kwanza, uchome kutoka huko. Hakikisha pana nafasi ya GB 5 au zaidi, maana programu nyingi hujenga taswira nzima ya DVD kabla ya kuichoma. Zima pia usingizi wa kompyuta, usiifungulie kazi nyingine.

Kwa wanaotumia bado kompyuta kuukuu za Windows XP kuna siri moja zaidi. Baada ya makosa sita ya mawasiliano na lekta, XP huishusha kwenye njia ya polepole iitwayo PIO na kuiacha huko. Kila uchomaji huanza kusuasua bila sababu inayoonekana. Dawa ni kwenda kwenye orodha ya vifaa, kuondoa chaneli ya IDE inayohusika, na kuwasha upya. Windows huisakinisha tena kwa njia ya haraka.

Pete iliyofika karibu na ukingo

Zile DVD mbili zilichomwa kwenye mashini ya jirani, kwa kasi ya juu kabisa, kwenye diski za bei rahisi zisizo na jina. Ukingo ndio sehemu ngumu kwa diski dhaifu. Lekta za kasi huongeza mwendo kadiri zinavyokwenda nje, na tabaka la rangi lisipopakwa sawasawa, kasoro huonekana huko. Jibu ni kupunguza kasi. Kwa 4x, DVD nzima huchukua kama dakika 14. Usibandike karatasi juu ya diski pia, maana huifanya iyumbe inapozunguka.

Imekwisha, lakini haichezi

Kuna diski iliyochomwa hadi mwisho, nyumbani inasomeka, lakini deki ya bibi inaikataa. Mara nyingi ni moja ya sababu tatu. Ya kwanza, haikufungwa: bila hatua ya mwisho ya kuifunga, deki nyingi haziioni. Ya pili, Windows iliuliza kama diski itumike kama flashi au kwa deki ya CD na DVD, na mtu akachagua flashi. Ya tatu, aliweka faili ya MP4 peke yake, wakati deki ya zamani inahitaji DVD-Video iliyopangwa kwa folda ya VIDEO_TS. Programu ya kutayarisha DVD ndiyo hufanya upangaji huo.

Namna ya kutafuta bila kupoteza diski

Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha diski, kasi na waya kwa pamoja, hutajua kilichokuponya. Nunua DVD-RW moja ya kujaribia, kwa sababu hufutwa na kutumika tena. Kwa DVD-R unaweza hata kuigiza uchomaji bila leza kuandika. DVD+R haina uwezo huo. Programu ya bure ya ImgBurn hufanya hivyo, haihitaji intaneti ikishasakinishwa, na ripoti yake huonyesha uchomaji ulikomea wapi.

Hatua ya mwisho ni kuhakiki. Acha programu isome diski yote na kuilinganisha na faili za asili, kisha ijaribu kwenye mashini nyingine. Kabla ya hapo usifute kadi ya kamera. Nimeona picha za mazishi na za ubatizo zikipotea kwa sababu mtu aliamini neno “imekamilika” kwenye skrini.

Kufikia jioni mgeni wangu alikuwa na DVD mbili zilizohakikiwa, zilizochomwa kwa 4x kwa lekta yake mwenyewe. Nilimwomba moja ibaki kwa shangazi yake Butembo, nyingine aende nayo Beni. Katika nchi ambako familia zimelazimika kuondoka nyumbani usiku bila kubeba kitu, harusi iliyohifadhiwa nyumba moja tu haijahifadhiwa bado. Aliandika tarehe juu ya diski kwa kalamu laini ya wino, si kwa biki inayokwaruza, akazitenganisha katika bahasha mbili.