Kompyuta inagoma kuzima? Usichomoe waya kwanza

Tuseme uko steshenari Kalenga, Iringa. Giza linaingia, boda inakusubiri nje, lakini kompyuta imeganda kwenye kiduara kinachozunguka tu. Wengi hapo wanachomoa waya. Ni hatari, na hii ndiyo sababu.

Kwa nini inachelewa?

Ukibonyeza kuzima, mfumo endeshi unaziambia programu zote zifunge, unazisubiri kidogo, kisha unaandika kwenye diski data iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu. Programu moja ikigoma, mashine nzima inasubiri. Kukiwa na masasisho, Windows huweza kuyasakinisha muda huohuo. Ukikata umeme katikati, faili linaweza kuharibika, au kompyuta ikakataa kuwaka kesho yake.

Tatizo ni ukimya

Kiduara kinasema "subiri", hakisemi unasubiri nini wala hadi saa ngapi. Tangu mwaka 1985, mtafiti Brad Myers wa masuala ya kompyuta alionyesha kuwa watu hupendelea kuoneshwa kazi imefika asilimia ngapi.

Ila kuzima ni kugumu kupimia asilimia, maana kompyuta haijui programu iliyogoma itakubali lini.

Mifumo mingi ya Linux inatumia njia nyingine: inataja jina la huduma iliyokwama na kuhesabu sekunde kuelekea kikomo, kwa kawaida sekunde 90. Muda ukiisha, inafungwa kwa lazima. Fedora 38 ya mwaka 2023 ilikishusha kikomo hicho hadi sekunde 45. Kwenye Ubuntu, nembo huficha ujumbe huo. Mara nyingi ukibonyeza Esc unauona.

Ufanye nini?

- Hifadhi kazi na ufunge programu mwenyewe kabla ya kuzima.
- Windows ikitaja programu inayozuia, soma jina lake. Kama hukuhifadhi, ghairi na urudi.
- Angalia taa ya diski, kama mashine yako inayo. Ikipepesa, kazi bado inaendelea.
- Masasisho yakianza, yaache yamalize. Laptop iwe kwenye chaji.
- Taa ikitulia muda mrefu na skrini haibadiliki, ndipo ushikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa hadi izime. Hiyo iwe njia ya mwisho.